Mkweme wa Mama Mkwe

Kila mwaka mwezi wa pili, kabla mvua za masika hazijaanza, mume wangu hunoa panga na mimi huandaa vikapu. Ni siku ya kupogoa mkweme. Mwaka mmoja jirani aliyekuwa amehamia karibu nasi alitukuta katika kazi hiyo, akashangaa. "Mama, mbona mnaukata mmea unaowalisha?" akaniuliza. Nilimwambia kwamba zamani hata mimi sikuukata, na kwamba uzembe wangu huo ulitupotezea mti ambao fedha haiwezi kuununua.

Akina mama wenzangu, ningependa kuwasimulia na ninyi habari hiyo, kwa maana nilichojifunza kwenye mkweme kimenisaidia katika ndoa yangu, katika malezi na hata kazini.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Siku ambazo siko zamu hushirikiana na akina mama wa kanisa letu kuwatembelea wazazi waliojifungua. Nyumbani kwetu ni mkoani Kilimanjaro, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichotuachia baba mkwe. Kwa wasomaji wasioufahamu mkweme, huu ni mmea wa jamii moja na maboga na matango, ila hauishi msimu mmoja kama boga. Huishi miaka mingi. Hukwea miti kwa vikono vyake na unaweza kufikia urefu wa mita 30. Tunda lake ni kubwa, lina mifereji kama boga na linaweza kufika kilo 15. Ndani yake zimo mbegu bapa za mviringo, mara nyingine zaidi ya 100. Mbegu hizo ndizo kweme. Huku kwetu Uchagani, na kule Upareni na Usambaani, wazazi wamelishwa kweme tangu enzi za bibi zetu.

Kikapu nilichokidharau

Mwaka 2005 nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Siku ya pili mama mkwe alifika na kikapu cha kweme. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akapasua maganda moja moja kwa kisu, akaondoa utando wa ndani, akakaanga viini bila mafuta mpaka vikanukia. Kisha akavitwanga na kuvichanganya kwenye mtori. "Kula, mwanangu," akaniambia. "Maziwa yatakuja."

Niseme ukweli mbele ya Mungu: nilimdharau. Sikumtamkia neno baya, lakini moyoni nilisema kwamba mimi nimesoma. Nilijua kuwa maziwa hayaletwi na mbegu bali huletwa na mtoto anaponyonya. Nilionja vijiko viwili, nikasema nimeshiba.

Elimu yangu ilikuwa sahihi, ila matiti yangu hayakuwa na habari na stashahada. Mtoto alilia usiku kucha. Chuchu zilipasuka. Nilikuwa nikimnyonyesha kwa haraka, nimeinama, mabega yamekaza na machozi yananitoka, kwa namna ambayo wodini ningemkataza mzazi yeyote. Kufikia siku ya tatu nilikuwa ninatafuta maneno ya kumwomba mume wangu akanunue maziwa ya kopo. Niliona aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine!

Usiku huo mama mkwe aliingia chumbani. Hakutaja kweme. Aliweka mto nyuma ya mgongo wangu na mwingine chini ya mkono. Alimgeuza mtoto mpaka tumbo lake likagusana na langu, akasubiri afumbue kinywa wazi kabisa. "Sasa," akasema. Alikaa nami mpaka alfajiri. Kila mtoto aliponyonya na kuachia, yeye alinipa bakuli la mtori na kikombe cha uji, akamchukua mtoto ili nilale. Nilikula mtori wote, pamoja na kweme zake. Siku ya nne maziwa yalijaa.

Je, ni kweme iliyoleta maziwa? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kliniki, na jibu langu ni lile lile. Kinachouagiza mwili utengeneze maziwa ni mtoto anayenyonya mara kwa mara, usiku na mchana, akiwa ameshika titi vizuri. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo, na yanamtosha. Kweme si dawa. Kweme ni chakula, tena chakula cha nguvu, maana zaidi ya nusu ya kiini chake ni mafuta na kina protini nyingi. Mzazi anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa vya kutosha. Anahitaji usingizi. Anahitaji mtu wa kumwekea mto. Mama mkwe alikuwa ameniletea vyote hivyo kwa pamoja, lakini mimi niliona mbegu tu.

Mbegu nne

Binti yetu alipofikisha miezi sita nilimwomba mama mkwe mbegu za kupanda. Alinipa nne. Nilizipanda chini ya mparachichi uliokuwa nyuma ya jiko. Mti huo baba mkwe aliupanda mwaka aliozaliwa mume wangu. Mimi sikumkuta baba mkwe akiwa hai. Nilimfahamu kwa masimulizi na kwa mti ule.

Mbegu tatu ziliota. Nilitaka kujua jike ni upi, maana mikweme huwa na dume na jike, na jike ndiye anayezaa. Mama mkwe alicheka. "Hata mimi sijui. Hakuna ajuaye mpaka itoe maua." Tulisubiri karibu mwaka mmoja na nusu. Mmoja ukawa dume, miwili jike. Nilipotaka kuung'oa ule dume alinizuia, akasema bila huo majike yatachanua bure.

Mavuno ya kwanza yalikuwa furaha kubwa. Tunda la mkweme likiiva hupasuka lenyewe likiwa bado linaning'inia, na mbegu hudondoka chini. Watoto waliziokota kwa shangwe. Tulikula, tuligawia majirani, na nyingine tukaziweka na maganda yake, kwa kuwa zikikaa hivyo hazioziozi.

Kisha nikawa na shughuli nyingi. Alizaliwa mtoto wa pili, akaja wa tatu. Kazini niliongezewa majukumu, na kanisani nikachaguliwa kwenye kamati ya akina mama. Kupogoa mkweme nikakuacha. Kila mwaka nilitazama juu, nikaona matunda mengi, nikamshukuru Mungu. Sikutazama kilichoyabeba. Mashina ya mkweme yalinenepa kama mkono wa mtu. Majani yalifunika kilele chote cha mparachichi, jua likawa haliingii. Kwanza maparachichi yakawa madogo, halafu yakawa machache, halafu matawi ya chini yakaanza kukauka. Vikono vikavuka mpaka kwenye mgrevilea wa mpakani na kuanza kushuka juu ya kahawa.

Mama mkwe alinionya mara mbili. "Mwanangu, mti huu umebebeshwa. Kata." Mara ya kwanza niliahidi kukata. Mara ya pili nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimechoka, nikamjibu kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Aliniangalia, akachukua fimbo yake na kwenda zake. Hakurudia tena.

Saa tisa za usiku

Mwaka 2013, mwezi wa nne, mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo. Udongo ulilainika. Usiku mmoja, yapata saa tisa, upepo ulivuma, na mara tukasikia kishindo kilichotikisa nyumba nzima. Mume wangu alitoka na tochi. Mparachichi ulikuwa umeng'oka na mizizi yake, ukaangukia jiko. Mbao na mabati vyote vilikuwa chini.

Binti yetu alikuwa na miaka minane wakati huo. Alikuwa amezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi kuwasha moto wa chai katika jiko lile lile. Laiti mti ungesubiri kupambazuke, sijui leo ningekuwa ninaandika nini.

Kulipokucha nilikaa juu ya shina nikalia. Mama mkwe alikuja polepole, panga mkononi. Nilisubiri aseme, "Si nilikuambia?" Hakusema. Aliweka kiganja chake juu ya gome la mti alioupanda mumewe, akasimama kimya kwa muda mrefu.

"Mti huu haukuwa dhaifu," akasema mwishoni. "Ulichoka."

Kisha akainama na kuanza kuukata mkweme vipande vipande, huku akitenga matunda yaliyosalimika.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Nisamehe kwa mti, na kwa neno nililokujibu."

Hakugeuka. "Lete kikapu," akasema.

Nilileta kikapu. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka jua likawa kali, na tangu siku hiyo sijawahi tena kumwambia kwamba nyumba ina mwenyewe.

Wiki hiyo katika kipindi cha Biblia cha akina mama tulikuwa tunasoma habari za Yona na mtango wake. Yona alifurahia kivuli cha mmea ule, na uliponyauka akakasirika hata kutamani kufa, wakati mji mzima wenye watu haukumhuzunisha. Niliposikia hayo nilijiona mwenyewe. Nilikuwa nimelilia mti na jiko kwa siku tatu, na bado sikuwa nimepiga magoti kushukuru kwa ajili ya mtoto aliyekuwa kitandani salama. Nilipiga magoti jioni ile.

Tunavyoulea mkweme sasa

Tulidhani tumeumaliza, lakini mizizi ilichipua tena. Nilimwita bwana shamba nikitaka anisaidie kuung'oa kabisa. Alinishauri nisiuchukie mmea kwa kosa la mkulima. Mkweme ni mmea wa asili ya huku kwetu Afrika Mashariki, akasema, na ni chakula cha thamani. Ila ni mmea usiojiwekea mipaka. Mipaka anauwekea mtu.

Alinipa mfano wa ndugu yake mkweme, mmea mwingine wa kukwea wa jamii hiyo ya maboga, wenye matunda madogo yanayogeuka mekundu yakiiva. Nao una asili ya Afrika Mashariki na hata Asia, ambako watu wanaula kama mboga. Ulipopelekwa visiwa vya Hawaii na Guam, mbali na wadudu wanaoula, ulitanda juu ya miti, nyaya na ua za nyumba hadi ukatangazwa kuwa gugu la hatari. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Hawaii walichukua wadudu kutoka Kenya, wakawaachilia kule ili waupunguze. Chakula cha huku kilikuwa balaa kule.

Kwa yule kati yenu anayetaka kupanda mkweme, haya ndiyo tunayoyafuata nyumbani kwetu.

Usiupande chini ya mti wa matunda, mti mchanga au mti ulio karibu na nyumba. Chagua mti mkubwa wenye nguvu ulio mbali kidogo, au jenga chanja ya nguzo imara. Sisi tunatumia chanja, na tumeiweka kwa kimo ambacho mtu anafika kwa ngazi.

Panda mbegu kadhaa, kwa kuwa hujui dume na jike. Zikishachanua, bakiza dume mmoja na majike unayoweza kuyahudumia. Dume mmoja anatosha majike kumi na zaidi, hivyo hata majirani mnaweza kusaidiana.

Pogoa kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Kata kila kilichovuka kwenda kwenye kahawa, paa au mti mwingine. Mbegu zinazoota zenyewe zing'oe zikiwa changa.

Matunda yakikaribia kupasuka, watoto wasicheze chini yake. Na unapoandaa kweme, ondoa ganda lote pamoja na utando wake, maana humo ndimo uchungu uliko. Hata boga au mumunye likiwa chungu kuliko kawaida, liteme na kumwaga chungu chote. Uchungu wa namna hiyo unaweza kukuumiza tumbo vibaya.

Msaada nao hupogolewa

Miaka michache iliyopita tulikwenda, mimi na mama wawili wa kanisani, kumtembelea mzazi kijana aliyejifungua siku kumi zilizopita. Nilikuwa na kweme kwenye mfuko. Tulikuta nyumba imejaa. Shangazi, mawifi, majirani, kila mmoja na chungu chake. Mtoto alikuwa akipokezanwa mikono. Alipolia alipewa maji ya sukari kwa kijiko ili mama yake apate kumaliza kula. Mzazi alikuwa amekaa kitandani na sahani mapajani, hasemi kitu.

Nilimpokea mtoto, nikashtuka. Alikuwa mwepesi na amelegea, na waliniambia nepi yake ilikuwa kavu tangu asubuhi. Siku hiyo hiyo tulimpeleka zahanati pamoja na mama yake. Uzito wake ulikuwa umeshuka kuliko inavyoruhusiwa.

Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Wote walikuwa wamekuja kwa upendo. Lakini upendo wao ulikuwa umetanda juu ya yule binti hadi hakupata nafasi ya kufanya jambo moja alilopaswa kufanya: kumweka mwanawe kwenye titi. Niliukumbuka mparachichi wa baba mkwe.

Tulipotoka zahanati nilikaa faragha na mama mkubwa wa nyumba ile. Sikumlaumu. Nilimwambia, "Mama, msaada huu ni mzuri mno, ila tuupange." Alikuwa mwanamke mwenye hekima. Aliwapangia wageni siku zao, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Anayekuja apike, afue na kuondoka. Maji ya sukari yakasimamishwa, na mtoto akawa ananyonya kila anapotaka, usiku na mchana. Tuliporudi baada ya wiki mbili, mtoto alikuwa ameongezeka uzito na mama yake alitupokea akiwa anacheka.

Kwa hiyo siku hizi nikimpelekea mzazi kweme, nampelekea na maneno machache. Ampe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Kama baada ya siku tano za mwanzo mtoto anakojoa chini ya mara sita kwa siku, au hanyonyi, au analegea, au ana homa, asingoje chakula chochote kimsaidie. Aende kituo cha afya. Vivyo hivyo mama mwenyewe akipata homa, au titi likiwa jekundu na la moto.

Nasi tunaosaidia tujiulize. Je, mtu tuliyemjia bado anapata jua? Swali hilo nimejiuliza kuhusu mume wangu, kuhusu watoto wangu, na kuhusu kamati nilizokuwa nikizishika zote kwa wakati mmoja. Baadhi nimeziacha, na wengine wamezifanya vizuri kuliko mimi.

Mama mkwe sasa amepita miaka themanini. Hawezi kupanda ngazi, lakini siku ya kupogoa haikosi. Hukaa kwenye kigoda chake chini ya mparachichi mpya, ambao binti yetu aliuotesha kwa kokwa la ule wa zamani, na huelekeza kwa fimbo: "Kata hapo. Hapo acha." Naye binti, ambaye sasa ni mkubwa, hukata na kuacha kama alivyoambiwa.

Na yule jirani aliyeniuliza kwa nini tunaukata mmea unaotulisha, jioni ile nilimpa mbegu nne. Nilimwazima na panga.